Mba ya Mwalimu Robhi

Katika miaka yote niliyoosha na kusuka vichwa vya watu pale Kewanja, nimeombwa mambo mengi. Nimeombwa nimsuke bibi harusi huku amelala, kwa sababu alikuwa hoi na shangazi zake walikataa aamshwe. Nimeombwa ninyoe nusu tu ya kichwa cha mwanamume aliyeshindwa dau la mpira. Lakini kuna siku waliingia saluni kwangu watu wazima wawili, wenye wajukuu, wakavua viatu mlangoni kama wanaingia msibani, wakaniomba nimrudishie mwanamke mmoja mba yake.

Nawasimulia ninyi vijana mnaojifunza ususi kwa kutazama video kwenye simu. Mimi naitwa Marwa, vidole vyangu siku hizi vimekuwa vigumu na saluni nimemwachia binti yangu, kwa hiyo nina muda. Na ndani ya kisa hiki mna karibu kila kitu ninachokijua kuhusu kichwa kinachowasha na nywele zilizofungamana. Yaliyobaki mtayajua wenyewe mkishaungua na draya.

Mwalimu Robhi alikuja Jumatatu mchana, saa ambayo saluni haina mtu. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani sokoni, lakini watu wote walimwita Mwalimu kwa sababu ndiye aliyekuwa akifundisha kwaya ya kanisani kwetu. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Kila mtu alijua kwamba ana nywele ndefu za kuzaliwa nazo, zinazopita mabega, ila kwa miezi kadhaa hakuna aliyekuwa amezitia machoni. Alikuwa akivaa kilemba shambani, kilemba sokoni, kilemba kanisani.

"Shikamoo, Mzee Marwa."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti."

"Funga mlango kwanza."

Nikafunga.

"Na pazia."

Nikashusha pazia. Ndipo akafungua kilemba.

Vijana wangu, nimeona vichwa vya wachimbaji waliotoka mashimoni na vumbi la mawe limegandia kwenye rasta zao. Sijaona kama kile. Nywele zilikuwa zimeshikana zikawa kitu kimoja, kigumu, kama chandarua kilichofuliwa na miiba ndani. Kwenye ngozi ya kichwa kulikuwa na magamba ya kijivu yaliyopandana. Nilipogusa tu, alikunja uso na mkono wake ukapanda wenyewe kwenda kujikuna. Nikaushika mkono, nikaurudisha kwenye paja. Ukapanda mwingine.

Nikaanza kupekua taratibu nijue hali ilivyo. Nikakuta uzi wa bluu. Nikakuta kipande cha chaki ya fundi. Nikakuta sindano ya cherehani.

"Hiyo!" akasema. "Nimeitafuta tangu Krismasi."

Nilimuuliza amepaka nini, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza, na ninyi mliulize kabla hamjashika maji. Watu hawaji saluni na ugonjwa tu, wanakuja na ugonjwa pamoja na dawa zote za majirani. Akaanza kutaja. Limao. Majivu. Mafuta ya taa. Mafuta ya nywele ya kila rangi, asubuhi na jioni, maana aliambiwa kwamba ngozi imekauka.

"Na mume wangu," akasema akitazama ukutani, "alileta dawa ya kuogeshea ng'ombe. Anasema kama inaua kupe, mba ni nini?"

"Ulipaka?"

"Nilipaka kidogo nyuma ya sikio. Kuliwaka moto nikakimbilia kwenye pipa la maji."

Dawa ya josho ni ya ng'ombe, na hata ng'ombe hawaipendi. Ni sumu. Nilimwambia, akakubali, akasema mumewe yeye bado haamini.

Sababu ya kuja siku ile aliieleza akiwa ameshika kilemba chake kwa mikono miwili. Kwaya yetu huvaa majoho meusi. Kwenye mashindano ya mwaka uliotangulia, Mwalimu alisimama mbele akaongoza, na kila alipojikuna magamba yalimwangukia mabegani, meupe juu ya nguo nyeusi. Walipomaliza, jaji mkuu alichukua kipaza sauti akatoa maoni yake mbele ya umati: "Kewanja, sauti mnazo. Mwalimu ajitahidi tu usafi wa mabega."

Umati ulicheka mpaka wachuuzi wa miwa waliacha kuuza. Kwaya yetu ikawa ya mwisho. Na sasa mashindano mengine yalikuwa yanakuja, safari hii Kenyamonta, na mchungaji alikuwa ameshasema wazi: tukirudi na aibu tena, kwaya atapewa Daudi. Daudi alikuwa shemeji yake mchungaji, kijana mwenye kinanda chenye kitufe cha ngoma.

"Kwaya hii nimeianzisha mimi," Mwalimu akasema, "na watu sita chini ya turubai, wawili wakiwa hawajui kuimba. Siwezi kuipoteza kwa sababu ya kichwa."

Nikamwambia tuanze.

Kwanza nywele, maana dawa haiwezi kufika kwenye ngozi ikiwa juu yake kuna msitu. Na hapa lazima niwaeleze ni nani aliyenifundisha kufungua nywele.

Nilijifunzia Sirari, kwa mama mmoja Mjaluo wa ng'ambo ya mpaka, Mama Atieno. Nyumbani nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda kubeba mizigo. Siku ya kwanza alinipa kitana na mteja, nikaingiza kitana juu kabisa kwenye mizizi nikavuta kwenda chini kwa nguvu zangu zote za ujana. Mteja alisimama wima bila kutaka. Mama Atieno akaniangalia.

"Wewe kijana, unachana mtu ama unalima? Anza chini, kwa ncha. Ukifungua hapo, panda kidogo. Na ushike nywele hapa juu ya fundo, mtu asisikie uchungu. Hiyo fundo haijakukosea kitu."

Nilielewa kwa masikio, lakini vidole havikuelewa. Niliporudi nyumbani likizo nilipewa ng'ombe nichunge, nikaona nifanye mazoezi kwa kilichokuwepo. Mkia wa ng'ombe una nywele nzuri sana mwishoni. Nikasuka mmoja. Ukapendeza. Nikasuka wa pili kwa mtindo mwingine. Kufika jioni kundi zima la baba lilikuwa limesukwa, mpaka dume.

Sikujua kwamba mkia ndiyo silaha ya ng'ombe dhidi ya nzi. Uliosukwa kwa kukazwa hauna kazi, unapiga kama fimbo. Nzi walijua hilo kabla yangu. Ng'ombe waliondoka mbio wakakata katikati ya mtama wa jirani wakaingia boma peke yao, mikia juu. Baba alitoka akawatazama, akaita wazee. Wazee wakazunguka kila mkia. Mwishowe mmoja akatoa kiko mdomoni akasema, "Ni uchawi. Lakini mchawi huyu ana mkono mzuri."

Mama yangu ndiye aliyenitaja. Baba alishangaa kwa niaba ya ukoo mzima, kisha akaniambia nifumue mikia yote, na hakuna atakayenisaidia. Ilikuwa imeshalowa kinyesi na matope. Hapo ndipo vidole vyangu vilipoelewa maneno ya Mama Atieno. Unaanza kwa ncha. Ukivuta kutoka juu, ng'ombe anakupiga teke, na ana haki.

Basi nywele za Mwalimu Robhi nilizigawa mafungu, nikayabana kila moja na kibanio. Nikapaka maji yaliyochanganywa na mafuta laini ya kulainishia, mengi, mpaka nywele ziteleze. Nikaanza kwa ncha, kwa vidole kwanza, kisha chanuo lenye meno mapana. Msitumie kitana chembamba hapo, na msishike mkasi kwa hasira. Fundo likikataa, liongezeeni mafuta mkasubiri, mkapige stori nyingine. Tulikaa mpaka kuku wakarudi kulala. Mwalimu hakulia hata mara moja, ila alikuwa akiimba taratibu, na nilipovuta vibaya wimbo ulipanda.

Halafu ngozi. Sikilizeni, maana hili watu wengi wanakosea. Mba si uchafu, na mafuta hayaitibu. Ukimwagia mafuta unaipikia. Nilimkataza mafuta yote kwenye ngozi. Nikanunua shampuu ya dawa kwenye duka la dawa, nikamwosha kwa nyama za vidole bila kutumia kucha, nikaliacha povu likae kichwani muda wa mtu kunywa kikombe cha chai bila haraka, kisha nikasuuza mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Wengi wanasuuza nusu, halafu wanashangaa kichwa kinawasha zaidi. Akarudi tena baada ya siku chache, na tena. Kitana chake niliweka peke yake. Kilemba alifua na kuanika juani.

Na mkiona kichwa chenye mabaka ya duara yaliyonyonyoka nywele, hasa kwa watoto, hiyo si mba, ni mapunye. Wapelekeni zahanati. Mkiona vidonda vyenye usaha, zahanati. Mkiosha wiki kadhaa bila nafuu, zahanati. Msisuke juu ya ugonjwa.

Ngozi ya Mwalimu ilisafika. Siku ya mwisho nilimsuka mistari mipana, isiyokaza, inayoelekea nyuma, nikamgeuzia kioo. Aligeuza kichwa kulia na kushoto mpaka nikadhani hakupenda.

"Vipi, Mwalimu?"

"Kimenyamaza," akasema.

"Nini?"

"Kichwa. Sijui ni tangu lini hakijanyamaza hivi."

Aliondoka akitembea katikati ya soko bila kilemba, na mimi nilisimama mlangoni nimeweka mikono kiunoni, nimeridhika kabisa. Huo ulikuwa ujinga wangu, maana wiki ile ile ndipo walipokuja wale wawili.

Mmoja alikuwa Mzee Chacha, mkubwa wa besi kwenye kwaya, rika langu, mtu mwenye sauti inayotikisa vikombe kabatini. Wa pili alikuwa Mama Ghati, aliyeongoza sauti ya kwanza. Walivua viatu, wakakaa, wakakataa chai. Mtu akikataa chai ujue kuna jambo.

"Marwa," Chacha akaanza, "umemfanyia nini Mwalimu?"

"Nimemtibu mba."

"Mrudishie."

Nilicheka. Hawakucheka.

"Mzee Chacha, mba hairudishwi."

"Wewe ulipoitoa uliiweka wapi?"

"Ilikwenda na maji."

Mama Ghati akaguna kwa uchungu kama nimemwambia nimetupa mtoto. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini, huku akitazama mlango.

Mwalimu Robhi alikuwa akiongoza kwaya kwa mikono, ndiyo, kama walimu wote. Lakini kwa miaka mingi mikono hiyo ilikuwa haimalizi mstari mmoja bila kwenda kichwani, hata juu ya kilemba. Na kwa sababu jasho lilimtoka kila mara mahali pale pale pa wimbo, alijikuna mahali pale pale. Wanakwaya, bila mtu kuwaambia, walizoea. Hawakuwa wakifuata mikono tena. Walikuwa wakifuata mkuno.

"Akijikuna nyuma ya sikio la kulia," Chacha akasema kwa uzito, "besi tunaingia. Sikio la kushoto, sauti ya tatu. Kisogoni, tunapunguza. Juu ya paji, akina mama wanapanda. Utosini kwa mikono miwili, Amina."

"Na sasa?"

"Sasa anasimama pale ametulia kama nguzo ya umeme. Mikono inapita hewani, mizuri sana, na hakuna anayejua maana yake. Jana tumeimba wimbo wa mavuno. Besi hatukuingia kabisa. Tumesubiri sikio mpaka wimbo ukaisha."

Mwalimu alidhani wanamgomea. Alikuwa amekwenda nyumbani analia. Mchungaji alikuwa amepita dirishani mwa kanisa akasikia wimbo ulivyoharibika, na jioni ile Daudi alionekana akifuta vumbi kinanda.

"Basi mwambieni," nikasema. "Mwambieni ukweli, awafundishe mikono upya."

Wakatazamana.

"Marwa," Mama Ghati akasema, "wewe unaweza kumwambia mama mzima, aliyetufundisha nota kwa maharage juu ya meza, kwamba miaka yote tulikuwa tunafuata upele wake?"

Nilifikiri. Sikuweza.

Chacha alikuwa na mpango wa kwanza: upupu. Kidogo tu, ndani ya kola ya joho. Nilimkatalia kwa ukali mpaka Mama Ghati akaniunga mkono. Kichwa nilichokihangaikia vile, nikitie upupu! Ndipo akatoa mpango wa pili, na ninaamini ndio aliokuja nao tangu mwanzo.

"Basi utakaa mbele wewe. Kwenye benchi la kwanza, nyuma ya mgongo wake. Yeye ataongoza, sisi tutakutazama wewe. Utajikuna."

Fikirini jambo hilo kwa upande wangu. Kwenye mashindano yale huja watu kutoka Tarime na Serengeti yote. Wengi wao walikuwa wateja wangu, na waliobaki nilitumaini watakuwa. Mtu wa saluni, tena anayesifika kwa kutibu mba, akae mbele ya umati ajikune kichwa wimbo mzima. Ni sawa na mwenye hoteli kusimama mlangoni anatapika. Niliwaambia hivyo. Chacha akavaa viatu polepole, akasema kama anayemuaga baba yake, "Sawa, tata. Kwaya ni ya Daudi." Akatoka hadi barabarani. Nikamwita arudi.

Tulifanya mazoezi saluni, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Chacha alikaa kwenye kiti cha wateja akiimba besi kwa kunong'ona, jambo ambalo ni gumu kwake, na mimi nikijikuna mbele ya kioo.

"Hapana, mura, hapana! Hapo umejikuna kama mtu mwenye chawa. Mwalimu alikuwa anajikuna kwa heshima. Mkono unapanda, unafikiri kidogo, halafu unakuna."

Siku ya mashindano tulipanda fuso, kwaya nyuma na majoho yao yamefungwa kwenye mifuko, wakiimba kila wimbo isipokuwa ule wa mashindano. Mwalimu Robhi alikaa mbele na dereva. Alinishukuru kwa kuja. "Umekuja kuona kazi yako," akasema akigusa mistari yake. Nikajibu ndiyo.

Uwanja wa Kenyamonta ulijaa. Nikapata benchi la mbele, nikavua kofia. Kwaya za kwanza ziliimba vizuri, ya Machochwe ikaimba vizuri zaidi, wamevaa mashati ya rangi moja na usinga wa mkia wa ng'ombe mkononi. Kisha wakaita Kewanja. Mwalimu akapanda jukwaani, akatupa mgongo, mabega ya joho lake yakimeta bila hata chembe. Nikaona jaji mkuu anayatazama mabega, anaandika. Akainua mikono.

Nikajikuna paji.

Akina mama wakapanda. Safi! Nikahesabu moyoni, mkono ukapanda, ukafikiri kidogo, nikajikuna nyuma ya sikio la kulia. Besi ikaingia, nikaisikia kifuani. Nyuma yangu nikasikia mengine.

"Huyu si Marwa? Yule wa saluni ya Kewanja?"

"Ndiye. Anayeosha watu mba."

"Basi imemrukia."

Mba hairuki. Haiambukizi hivyo. Nilitamani kugeuka niwaeleze, lakini ningegeuza kichwa sijui sauti ya tatu wangefanya nini. Mzee aliyekaa kushoto kwangu akasogea. Mwanamke wa kulia akamhamishia mtoto wake goti la pili. Baada ya ubeti wa kwanza nilikuwa na benchi zima peke yangu, na kisogo nikikikuna kwa heshima zote.

Ubeti wa pili ndio ulioharibu. Nzi alitua juu ya utosi wangu. Nilijizuia. Akatembea. Nilijizuia tena, machozi yakanitoka. Akasimama katikati kabisa, akaanza kunawa miguu, na mikono yangu yote miwili ikapanda bila ruhusa yangu.

"Amina," kwaya ikaimba.

Katikati ya neno mavuno. Besi walishasema Amina, sauti ya tatu wakaimba nusu ya Amina, akina mama walibaki juu peke yao kama watu walioondolewa ngazi. Mwalimu Robhi aliganda, mikono hewani. Akaona macho ya kwaya yake yote. Hayakuwa kwake. Yalikuwa yanapita juu ya bega lake.

Akageuka.

Aliniona nimekaa peke yangu kwenye benchi, mikono utosini. Akanitazama. Akawatazama wao. Chacha alikuwa amemkodolea macho yule nzi kwa chuki. Sijui Mwalimu alipiga hesabu gani kichwani mwake, lakini niliona uso wake unapita mahali pengi kwa muda mfupi, na mahali pa mwisho nilipaona vizuri, maana ndipo alipokuwa siku ile anafungua kilemba.

Kisha akageuka kwa kwaya yake. Akashusha mikono. Akasimama wima. Akainua mkono wa kulia polepole, mbele ya jaji mkuu, mbele ya mchungaji, mbele ya Daudi, akaupeleka nyuma ya sikio lake safi lisilowasha kitu, na akajikuna.

Besi ikaingia kama radi.

Nimesikia kwaya nyingi, lakini sijasikia tena kama ile. Mikono yake ilikumbuka yenyewe njia zake za miaka yote: alijikuna kushoto, sauti ya tatu wakaja. Alijikuna kisogo, wakashuka mpaka ukasikia upepo kwenye turubai. Alijikuna paji, na Mama Ghati akapanda juu ya wote. Mimi nilikaa juu ya mikono yangu. Alipofika mwisho aliweka mikono miwili utosini, taratibu kama anayevaa taji, na Amina ile ilikaa pale uwanjani mpaka mwenyewe alipoiachia.

Tukawa wa pili. Machochwe walichukua zawadi ya kwanza, dume la ng'ombe, sisi tukapewa beberu. Jaji mkuu akasema kwenye kipaza sauti kwamba mwalimu wa Kewanja ameleta mtindo mpya wa kuongoza, wenye utulivu, unaoonyesha kwamba muziki unaanzia kichwani. Mchungaji alipiga makofi kuliko wote. Daudi aliulizwa kama anaweza kupiga kinanda chini ya Mwalimu, akakubali.

Tulipokuwa tunarudi, Mwalimu alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma na sisi, akakaa juu ya gunia karibu na beberu. Hakuna aliyeimba. Kisha akasema:

"Tangu lini?"

Mama Ghati akafuta uso kwa joho. "Tangu turubai, Mwalimu."

"Kwa hiyo miaka yote hiyo, hamkuwa mnatazama mikono yangu?"

"Tulikuwa tunaitazama, Mwalimu," Chacha akasema. "Ilikuwa kichwani."

Nilidhani atalia. Akaviangalia viganja vyake, kimoja baada ya kingine, kama amevipokea leo. Mabega yakaanza kumtikisika, na ilichukua muda mpaka tukajua kwamba ni kicheko. Kikampata Chacha, na Chacha akicheka fuso linayumba. Dereva alisimamisha gari akaja kuuliza kama beberu ameumiza mtu.

Jumatano mazoezi yalianza upya, mikono tu, kama watoto wa darasa la kwanza. Niliwasikia kutoka saluni, nao walihangaika sana. Siku moja mbu alimuuma Mwalimu shingoni akampiga kofi, akina mama wote wakanyamaza. Lakini walifika. Mimi wateja walinikimbia msimu mzima, nikawa namsuka binti yangu tu, kisha polepole wakarudi, maana vichwa haviachi kuwasha kwa sababu ya maneno ya watu.

Mashindano ya mwaka uliofuata yalikuwa Machochwe kwenyewe. Nilikwenda kama mtazamaji, nimevaa kofia. Mwalimu Robhi aliongoza kwa mikono, wakaimba vizuri. Halafu wenyeji wakaingia na mwalimu wao mpya, kijana mtanashati, amenyoa vizuri pembeni. Akasimama, akavuta pumzi. Mkono wake ukapanda, ukafikiri kidogo, akajikuna nyuma ya sikio la kulia. Kwaya ya tatu, mwalimu wao alijikuna kisogo. Ya nne, mama mmoja mzito alijikuna utosi kwa mikono miwili na umati ukasimama kushangilia.

Sikuvumilia. Walipomaliza nilimfuata yule kijana nyuma ya jukwaa, nikamwambia mimi ni msusi wa siku nyingi, aniruhusu nimtazame kichwa. Akainama kwa adabu. Nilipekua mbele, nikapekua nyuma, nikapekua masikioni. Ngozi safi kabisa, hata gamba moja hakuna.

"Kijana wangu," nikamuuliza, "sasa unajikuna nini?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mzee asiyewahi kusikia muziki.

"Babu," akasema, "huo ndio utaalamu."